Gari Lisilopiga Hodi

Kamanyola, 7 Februari 1999

Yaya Mwamvua,

Asalaam aleikum. Shika salamu hizi kwa mikono miwili, uzigawe mwenyewe: za kwanza za Mama, zinazofuata za shemeji Kasongo, halafu za binti yenu Djamila. Zikibaki, mupe jirani yenu Polycarpe, na umukumbushe kwamba ana turnevisi yangu ya kufungulia skrubu tangu mwaka wa juzi. Mimi niko muzima. Joto la huku bondeni linatoa jasho hata kwa mutu aliyelala, lakini mchele wa Ruzizi umekubali, na Maman Eulalie anayewaletea barua hii atawapimia kikapu kimoja, zawadi yangu.

Huyo Eulalie alinifikishia pia maneno yako ya mwezi uliopita, hakupunguza hata moja. Eti mdogo wako "anafungua-fungua gari za askari." Yaya, wewe dada mkubwa Baba alikupeleka shule ya lisee. Mimi alinitoa mwaka wa pili wa sekondari, akaniingiza chini ya lori lake kule Uvira, akaniambia shika spana. Sikulalamika. Hapana, nalalamika, lakini mikono yangu inafanya kazi wakati mudomo unalalamika. Komanda wa huku amenipa gereji yenye paa, chombo cha kuchomelea chuma, na watu wawili wa kunisaidia. Katika jamaa yetu nani alinipa hata paa?

Sasa sikia kazi yenyewe. Mazutu ya magari imekuwa dawa, inapimwa kwa kijiko. Nimechukua pikapu iliyokufa motere. Nyuma yake nimefunga motere ndogo ya kinu cha mahindi, ya silinda moja. Hiyo haizungushi magurudumu. Inazungusha kompresa ya breki za lori, kompresa inasukuma upepo ndani ya chupa kumi za chuma, na upepo huo ndio unazungusha motere ya pili, ya upepo, niliyoifungua kwenye winchi ya mgodi uliofungwa; hiyo ndiyo inazungusha magurudumu. Motere ya kinu inatembea mwendo mmoja tu, haikimbizwi, haishtuliwi, kwa hiyo haili sana.

Shida ilikuwa baridi. Upepo ukitanuka unapoa. Ndani ya ile motere ya upepo ilifanyika barafu, hapa Kamanyola, kwenye jua la kuivisha yai! Na sentimita arobaini pembeni, bomba la moshi la kinu linatupa hewani moto wa digrii zaidi ya mia tatu. Nilikaa nikawatazama hawa wawili, mmoja analia baridi, mwingine anamwaga moto, kama bwana na bibi waliogombana. Nikawapatanisha. Upepo sasa unapita kwenye bomba la shaba lililojiviringisha kama nyoka ndani ya sufuria kubwa ya chuma, na moshi unazunguka humo humo kabla ya kutoka. Upepo unaingia na digrii ishirini na tano, unatoka na mia moja hamsini. Litre moja ya mazutu ilinipeleka kilomita saba na nusu. Leo inanipeleka kumi. (Ile shaba nimeitoa kwa mwanamke anayepika pombe ya kanyanga. Mama asijue.)

Kimebaki kitu kimoja. Nikizima kinu ili gari itembee na upepo wa chupa peke yake, moto unakwisha na barafu inarudi. Muulize shemeji, yeye si mwalimu wa fizikia? Moto nitauweka wapi?

Komanda anasema gari itakuwa ya dispensaire, ya kupandisha wagonjwa Bukavu.

Mdogo wako,
Fikiri


Bukavu, Muhumba, 4 Machi 1999

Mdogo wangu Fikiri,

Waaleikum salaam. Mchele umefika na tumeushiba. Maneno yangu pia naona yalikufika, basi Maman Eulalie hana mfuko uliotoboka. Sikuyasema kwa kukudharau. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ikitoka nje huvaa nguo za matusi, unanijua.

Djamila anasoma shule inapofunguliwa. Polycarpe anasema turnevisi haijui, na kama anaijua basi ulimpa. Mama macho yake sasa ni ukungu mtupu, lakini masikio! Miaka yote ile ya kumngojea Baba alizoea kulitambua lori lake likiwa bado mbali, na hajasahau. Kila alasiri anakaa kibarazani. Magari ya askari huja kukamata vijana na kupora saa ya chakula, watu wakiwa wote ndani. Mama akisema tu "motere," Djamila anagonga sufuria, vijana wa nyumba sita wanateremka kwa nyuma kuelekea ziwani, redio zinaingia chini ya mikungu ya ndizi. Yeye anasema, "Motere ndiyo hodi ya gari. Hakuna gari isiyopiga hodi." Juzi alisema, "Iko lori ya silinda sita, moja imekufa." Kasongo akamcheka. Lori likapita, likikohoa vile vile.

Kasongo amesoma barua yako mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama. Anasema hivi, nakuandikia kama alivyotamka: "Muambie moto auweke pale mama yake alipouweka siku zote. Kwenye mawe. Jiwe la jiko linaunguza vidole saa nzima baada ya kuni kwisha. Ajaze sufuria mawe madogo kuizunguka shaba, moshi upite katikati. Kinu kikizimwa, mawe yataendelea kupika upepo." Amefurahi kuulizwa. Shuleni siku hizi hakuna anayemuuliza kitu.

Mimi nina neno dogo tu. Dispensaire ya Kamanyola nilipita mwaka jana na watu wa ofisi yetu. Haina hata kitanda cha pili. Imepataje kupewa gari?

Dada yako,
Mwamvua


Kamanyola, 18 Aprili 1999

Yaya,

Salamu nyingi, na kwa shemeji busu moja juu ya kipara. Mvua ilikata barabara wiki mbili, ndiyo sababu nimechelewa. Mafua yalinishika, yakaniacha. Mama aendelee kula samaki, asikubali kupewa mifupa.

Mawe! Ya mtoni sikuyataka, yana maji ndani, yakipata moto yanapasuka kama risasi. Nimechukua ya mlimani, meusi, kila moja kama yai la kuku. Nimeyajaza kuizunguka shaba. Yanameza moto wa moshi, yanautunza. Na kitu ambacho mimi sikukitafuta: yanameza na sauti. Moshi unaingia ukipiga ngoma, unatoka ukinong'ona.

Jumamosi tulipanda nayo juu hadi mawe yakaiva, nikazima kinu kabisa. Kilomita tatu, Yaya, kwa upepo wa chupa peke yake, nyingi yake ni mteremko, lakini na pale palipo sawa ilienda. Hakuna barafu. Barabarani walikuwa wamelala mbuzi. Gari ilifika mpaka kwao hawakuinuka, hawakugeuza hata sikio. Ilibidi nishuke niwafukuze kwa mikono.

Komanda alicheka hadi akashika tumbo. "Ingénieur! Hii gari iko inatembea kama paka!" Ingénieur, yaani mhandisi, mbele ya watu wote. Wewe una diplome mbili ukutani, na hujawahi kuniita hata fundi.

Kuhusu dispensaire, mimi sijengi dispensaire, natengeneza gari. Jumatatu imepanda kwenu Bukavu. Mukiiona karibu na hospitali, muwaambie watu: ile ni ya Fikiri.

F.


Bukavu, 23 Mei 1999

Fikiri,

Salamu kutoka kwa waliopo. Mvua zimepungua. Djamila amepata malaria, amepona. Ofisi bado imefungwa.

Tulikuwa tunakula. Mama alikuwa kibarazani na sahani yake mapajani, hajasema kitu. Ghafla mlango ulikuwa wazi na askari walikuwa ndani, kama waliota kutoka sakafuni. Hakuna aliyekuwa amesikia gari. Djamila, aliyekuwa karibu na dirisha, anasema aliona pikapu imesimama langoni, ikipumua pole pole kama mtu anayepuliza chai.

Kasongo aliuliza wanataka nini. Walimpiga kwa kitako cha bunduki, mkono wa kulia umevunjika juu ya kiwiko. Polycarpe alitoka kwake na kijiko bado mkononi. Hakuwauliza munataka nini. Aliuliza, "Mumetokea wapi?" Hakuwa akijibu jeuri, Fikiri, alikuwa anashangaa kweli. Walimchukua, pamoja na vijana wawili wa nyumba ya chini ambao mlio wa sufuria ungewatosha kukimbilia ziwani. Waliondoka kimya vile vile. Mpaka leo hakuna aliyerudi.

Mke wa Polycarpe, Emérence, alikuja asubuhi na turnevisi yako imefungwa kwenye kitambaa. Alisema hataki kitu cha mtu kikae nyumbani kwake kabla hajajua kama yeye ni mjane.

Mama ndiye ananivunja. Amehama kibarazani, analala amegeukia ukuta. Kila anayeingia anamshika mkono, anamuomba msamaha. "Masikio yangu yamekufa, nami sikuambia mutu. Nimewauza batoto ba watu." Hata mama wa wale vijana alipokuja kumpa pole, Mama alipiga magoti mbele yake, na magoti yake unayajua yalivyo.

Wewe ni mtu wa magari, nakuuliza wewe. Masikio ya mtu yanaweza kufa siku moja tu, bila kuugua?

Mwamvua


Kamanyola, 11 Juni 1999

Yaya,

Nimepokea. Pole, pole sana kwa shemeji. Mkono huo wa kulia ndio anaoandikia ubaoni? Polycarpe pengine atarudi, wengine wanarudi.

Huku jua ni kali. Maman Eulalie anawaletea mchele, kilo kumi, na samaki wakavu. Kuhusu masikio sijui, mimi si daktari. Nimempa Eulalie pia chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Mama atiwe matone mawili kila sikio, asubuhi na jioni. Watu wanasema inasaidia.

Kazi iko nyingi.

Fikiri


Bukavu, 16 Julai 1999

Fikiri,

Mchele umefika. Mafuta pia. Mama anajitia kila asubuhi na kila jioni, halafu ananiambia niangushe kijiko chumba cha pili, ajaribu kama amepona. Naangusha. Anasikia. Anasema, "Kijiko mutu yeyote anasikia," analala tena.

Wamekuja mara ya pili, upande wa Nguba, kimya vile vile. Watu sasa wanafunga kamba na makopo barabarani jua linapotua.

Kasongo anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Jana aliketi na karatasi, akaandika neno moja kwa herufi za mtoto: "mawe." Akalitazama kwa muda mrefu. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Safari hii sina swali.

Mwamvua


Kamanyola, 29 Agosti 1999

Yaya Mwamvua,

Salamu nitaziweka mwisho, kama nitabaki na uso wa kuzitoa. Barua hii iko chini ya mchele. Ukiisoma, ichome.

Muambie Mama aache ile karafuu. Masikio yake mazima. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Nililijua hilo nilipofika pale Djamila aliposema "kupuliza chai," na bado nikachukua kalamu nikaandika kwamba mimi si daktari. Nimemtia mama yangu mafuta masikioni ili nisiseme neno moja. Kila siku nahesabu: matone mawili, mara mbili, masikio mawili, tangu mwezi wa sita. Hesabu imenishinda kumaliza.

Dispensaire ni maneno tu, na mimi nilijua. Siku ya kwanza komanda aliniuliza vitu viwili: itafika wapi ikiwa kinu kimezimwa, na itasikika kutoka wapi. Mgonjwa anataka gari yenye godoro, hana haja ya gari isiyosikika. Hesabu hiyo ni nyepesi, haihitaji lisee. Sikuifanya. Nilikuwa naitwa ingénieur, na jina lilikuwa tamu.

Sasa nikuambie nilichofanya. Mwanzo wa mwezi gari ilirudishwa gereji, breki zake zimelika. Wale wasaidizi niliwatuma kutafuta vipuri. Nilifungua sufuria, nikatoa mawe ndoo kwa ndoo, nikayatawanya barabarani kuziba mashimo, yakapondwa na malori. Nyoka ya shaba nikaigonga kwa nyundo hadi ikawa bapa, upepo nikaurudisha kwenye bomba lake la zamani. Bomba la moshi nikalikata, nikalielekeza hewani wazi, bila kitu cha kulizuia. Komanda aliisikia akiwa bado kitandani.

"Ingénieur! Sababu gani iko inalia tena kama zamani?"

"Mawe yalikuwa ya mto, komanda. Yamepasuka, yamevunja shaba."

"Tia ingine."

"Shaba hakuna, komanda. Kamanyola nzima."

"Basi zima hii ngoma yako, itembee na upepo."

"Itatembea mita mia nne, komanda, halafu barafu itaishika. Jaribu."

Walijaribu. Ilisimama kwenye mita mia tatu na themanini. Alifungua kifuniko mwenyewe, akatoa barafu kwa kidole, akanitazama. Akasema, "Wewe haukuwa ingénieur." Nikasema ndiyo, komanda. Makofi yalikuwa mengi, jino moja halipo. Gereji nimenyang'anywa, sasa naosha malori. Gari bado wanaitumia kwa sababu mazutu haitoshi malori, lakini kinu lazima kilie njia yote, kupanda na kushuka. Litre moja imerudi kilomita saba na nusu.

Sijawahi kuharibu kazi ya mikono yangu. Nilidhani nikimaliza nitakuwa mwepesi. Hapana. Siku ile yote niliendelea kuyaona yale mawe yalivyopangika. Ilikuwa kazi nzuri, Yaya. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, kwamba hata leo nikiikumbuka, kwanza naona uzuri wake, halafu ndipo namuona Polycarpe na kijiko.

Habari za Polycarpe niliuliza mara moja. Waliniambia nioshe lori. Nililiosha.

Shemeji aitoe ile karatasi mfukoni. Yeye alijibu swali la fizikia. Aliyekuwa anajua gari ni ya nani ni mimi.

Salamu kwa Mama. Kwa Emérence sina salamu ya kumtumia, sijui inaanza na neno gani.

Fikiri


Bukavu, 10 Oktoba 1999

Fikiri,

Tuko wazima, wale waliopo. Mvua imeanza. Kasongo anaandika kushoto sasa bila kutoa ulimi. Chini ya barua hii ataweka mstari wake.

Barua yako sikuichoma kwanza. Nilimsomea Mama yote, sikuruka, hata kanyanga ya barua ya kwanza nilimsomea. Hakulia. Aliuliza kama jino ni la mbele au la nyuma. Nikamwambia hukusema. Kisha akaniambia nitupe chupa ya karafuu na nimrudishie kiti chake kibarazani. Ndipo nikaichoma.

Emérence nilimwendea mimi mwenyewe. Mambo mengine hayabebwi na muuza mchele. Alinisikiliza akiwa anachambua maharagwe na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliomba turnevisi. Nikampa. Sijui anaitakia nini, na sikuona kama nina haki ya kumuuliza.

Jumatano, saa ya chakula, Mama aliinua kidole. "Motere." Sisi hatukusikia kitu. Kasongo alitoka nje akasikiliza, hakusikia kitu. "Iko juu kule, iko inateremka," Mama akasema. "Silinda moja. Iko ya kinu." Djamila aligonga sufuria hadi mkono ukamuuma. Nyumba zote zilitoka kwa nyuma, na makopo ya kwenye kamba yalikuwa hayajalia bado. Sauti ilipotufikia na sisi, Fikiri, ilikuwa kama mtu anavunja mabati. Walinikuta mimi, Mama, na sahani za moto zisizo na watu. Walichukua godoro na saa ya ukutani. Mtu hawakumpata hata mmoja.

Mama aliisikiliza mpaka ilipopotea kabisa. Alitikisa kichwa kama alivyokuwa akimtikisia Baba. "Lile bomba mutu amelikata kwa makusudi," akasema. "Na amelikata muzuri."

Polycarpe hajarudi. Wale vijana wawili hawajarudi. Sitaki uufunge ukurasa huu ukidhani wamerudi.

Mama anauliza unakuja lini. Mimi siwezi kukuambia uje, na siwezi kukuambia usije, kalamu inakataa yote mawili. Lakini ukipata njia ya kutoka huko, usipite kwa nyuma kama ulivyozoea, na usiingie kama mtoto wa nyumba. Njoo mchana, kwa miguu, barabara ya mbele. Simama langoni upige hodi, kwa sauti ya kufika mpaka kwa Emérence. Halafu ungoje hapo hapo, usikie ni nani atakayekuitikia.

Dada yako,
Mwamvua

Shemeji, mimi nilifurahi kuulizwa, sikuuliza ni kwa ajili ya nani. Karatasi bado iko mfukoni. Kasongo.